Jua au Kivuli: Ua Lipi Litakugharimu Kidogo?

Kwenye vitalu vya kandokando ya barabara za Dar es Salaam, bei ya mche hufuata ukubwa wake na chungu uliomo. Gharama kubwa huja baadaye: maji, mbolea, na mche mwingine wa kwanza ukifa. Kabla ya kuuliza bei, kagua mahali utakapopanda saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Jua likipiga mara zote tatu, hapo ni pa jua. Angalia na majira: ukuta unaotazama kusini huwa na kivuli Juni, lakini Desemba jua la mchana huhamia upande huo.

Penye jua

Bogenvilia ni nafuu kuliko yote. Vipande vichache vya matawi kutoka kwa jirani vinatosha kuanzia, na ikishashika mizizi haitaki maji mengi; ukiimwagilia mno hutoa majani tu. Kazi yake ni kupogoa, na ina miiba.

Waridi la jangwani, la asili ya huku kwetu, hukua polepole, ndiyo maana lenye shina nene huuzwa ghali. Lakini huishi chunguni miaka mingi kwa maji kidogo. Utomvu wake ni sumu, basi liweke mbali na watoto.

Penye kivuli

Impatiensi, nayo ya Afrika Mashariki, huchanua bila kuchoka, na kipande cha shina lake hutoa mizizi ndani ya glasi ya maji. Bei yake ni ndogo, kiu yake kubwa. Tuta linalokula ndoo moja ya lita 20 kila siku litamaliza lita 600 kwa mwezi.

Spathifilamu, lenye ua jeupe, hugharimu zaidi kununua, ila hustahimili kivuli na shina moja hugawanywa kuwa kadhaa. Likiwa na kiu hulegea, ukilimwagilia husimama tena.

Ua la Usambara, ambalo afisa wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, alipeleka mbegu zake Ujerumani mwaka 1892, huteswa na joto la pwani. Wa Lushoto na Arusha wana nafasi nzuri zaidi nalo.

Uchague lipi?

Mwenye ukuta wa jua apande bogenvilia. Mpangaji anunue waridi la jangwani, maana siku ya kuhama atabeba chungu chake. Kwenye kibaraza chenye kivuli, anayenunua maji kwa ndoo achukue spathifilamu. Impatiensi awaachie wenye kisima.