Kabla ya Kuuza Ng'ombe: Hesabu ya Kijana wa Kariakoo

Mwezi uliopita mama mmoja wa upande wa Morogoro alinipigia simu hapa ofisini. Mwanawe anaishi Dar es Salaam, anafanya kazi Kariakoo, naye alikuwa amemwomba mama auze ng'ombe wawili ampelekee fedha za kukuza biashara.

"Biashara gani, mama?" nikamwuliza.

"Sijui vema, mwalimu. Anasema anapangisha nafasi za tovuti. Anasema katika kila shilingi mia zinazoingia, themanini ni faida. Je, liko jambo kama hilo duniani? Wewe uko huko mjini, nenda ukaone."

Basi Jumamosi ile nikateremka Mtaa wa Msimbazi, nikapenya Mtaa wa Kongo, mahali ambapo mtu haendi kwa miguu yake bali kwa kusukumwa na wenzake, hata nikafika Mtaa wa Aggrey penye maduka ya simu. Kijana nilimkuta ghorofani katika chumba anachoshirikiana na fundi wa simu. Meza moja, kompyuta ndogo, feni, na kaunta buku. Kaunta buku ile ilinifurahisha, kwa maana vijana wengi huweka hesabu zao kichwani, na kichwa ni daftari linalofuta lisilopenda.

Nyumba ya vyumba sita

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Tovuti ni kama ubao wa duka, lakini ubao huo huonekana katika simu na kompyuta popote duniani. Ili uonekane saa zote, lazima ukae ndani ya kompyuta isiyozimwa mchana wala usiku. Kompyuta hiyo huitwa seva. Mwenye duka la dawa au mkuu wa shule hawezi kununua seva yake, basi hukodi nafasi kidogo ndani ya seva ya mwingine.

Wanaojua nyumba za zamani za Kariakoo wataelewa upesi. Nyumba ina vyumba sita, ukumbi katikati, na choo uani. Mtu mmoja huikodi yote kwa mwenyewe, kisha huwapangishia wengine chumba kimoja kimoja. Ndivyo afanyavyo kijana huyu. Anakodi seva nzima kutoka kampuni ya Ulaya, kisha anawapangishia watu wa hapa vipande vipande. Na kama ilivyo katika nyumba, mwenye tamaa hujaza wapangaji hata foleni ya choo ikafika barabarani. Katika tovuti foleni hiyo ni kurasa zinazofunguka polepole, mpaka mteja akachoka akahama.

Themanini zilipokwenda

Kijana ana wateja 40. Kila mmoja hulipa Shs. 100,000 kwa mwaka, nayo bei hiyo ni pamoja na jina la tovuti. Jumla ni Shs. 4,000,000. Seva anailipia dola 25 kwa mwezi, yaani dola 300 kwa mwaka. Tukifanya dola moja kuwa Shs. 2,600 ili hesabu iwe nyepesi, ni Shs. 780,000. Ukitoa, zinabaki Shs. 3,220,000. Hizo ndizo themanini alizomwambia mama yake, na kwa kweli zinazidi kidogo.

Nikamwomba kalamu. Mimi nilisomea ualimu, na hesabu isiyokwisha huninyima usingizi.

"Haya majina ya tovuti unayapata bure?" La, kila jina hulipiwa kila mwaka, wastani wake kwake ni Shs. 30,000. Majina 40 ni Shs. 1,200,000. Hapo faida imeshuka ikawa Shs. 2,020,000, yaani nusu tu ya mapato. Hii ndiyo faida ghafi, na wengi huishia hapo wakaanza kusherehekea.

"Na chumba hiki?" Sehemu yake ya pango ni Shs. 50,000 kwa mwezi. Umeme, vocha, bando na makato ya kupokea fedha kwa simu, Shs. 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hizo mbili ni Shs. 1,080,000. Zikabaki Shs. 940,000.

"Na nakala za akiba?" Akanitazama. Hakuwa nazo.

Hapo nilisimamisha kalamu, nikamkumbusha mwaka 2021. Tarehe 10 Julai, usiku, soko kuu la Kariakoo liliungua, jengo lile la Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975. Kila mtu wa hapa analikumbuka. Lakini miezi minne kamili kabla yake, tarehe 10 Machi, kiliungua kituo cha seva cha kampuni ya OVHcloud katika mji wa Strasbourg, Ufaransa. Jengo zima liliteketea, na tovuti nyingi mno zikatoweka siku moja. Waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi. Wengine waliokuwa wameweka kila kitu ndani ya jengo lile hawakupata kitu tena. Watu hudhani kilicho ndani ya intaneti kimo hewani. Kimo ndani ya nyumba, na nyumba huungua.

Nakala hizo zingemgharimu dola 5 kwa mwezi, yaani Shs. 156,000 kwa mwaka. Tukaziandika. Zikabaki Shs. 784,000, ambazo ni chini kidogo ya 20 katika kila 100. Gawanya kwa miezi 12: Shs. 65,333. Na katika hizo yeye mwenyewe bado hajajilipa hata senti, wala hatujaandika leseni na kodi ya serikali. Kijana ambaye huamshwa saa nane za usiku na mteja aliyesahau neno la siri anafanya kazi bure, naye anaiita kazi hiyo faida.

Fedha isiyo yako bado

Liko jambo jingine, nalo ndilo huwaangusha wengi. Mteja hulipa Januari kwa ajili ya mwaka mzima. Kijana anaona Shs. 100,000 katika simu yake, moyo unacheza. Lakini Shs. 30,000 ni za jina. Zinazobaki, Shs. 70,000, ni deni la miezi 12: kila mwezi anastahili Shs. 5,833 tu, tena baada ya kumtumikia mteja mwezi huo. Akizila zote Februari, mwezi wa Agosti atalipa seva kwa nini?

Nasema hivi kwa uchungu. Ofisi yetu iliwahi kuwa na tovuti yenye ratiba na matangazo. Tulimlipa mtu mwaka mzima, na mwezi wa saba tovuti ikatoweka, simu yake haipatikani. Kumbe jina la tovuti alikuwa ameliandikisha kwa jina lake mwenyewe, hata kulirudisha hatukuweza. Kwa hiyo nilimwuliza kijana huyu kwanza: majina ya wateja wako yameandikishwa kwa nani? Akanionyesha. Kila mteja kwa jina lake. Hapo nikaanza kumwamini.

Tena anapokea shilingi, lakini analipa dola. Mwaka 2022 dola ilikuwa karibu Shs. 2,300, katikati ya 2024 ilikuwa imepita Shs. 2,600. Na tangu Machi 2025 kanuni za nchi zimekataza bidhaa na huduma za hapa ndani kutajwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo hawezi kumtupia mteja mzigo wa dola moja kwa moja. Lazima aweke nafasi ndani ya bei yake ya shilingi. Majina nayo hupanda. Ada ambayo Verisign, msimamizi wa majina yanayoishia na .com, huwatoza wauzaji ilikuwa dola 7.85 mwaka 2020. Septemba 2024 ikafika dola 10.26.

Wazee wetu wanaikumbuka kodi ya kichwa. Wapangishaji wa tovuti nao walitozwa ya kwao. Wengi wao hutumia programu iitwayo cPanel kuwagawia wateja nafasi zao. Zamani ililipiwa kwa seva, hata ukiweka wateja mia tano bei ni ile ile. Mwaka 2019 wenye programu wakabadili, wakaanza kutoza kwa hesabu ya wateja. Waliokuwa wakiuza kwa bei ya kutupa, wakitegemea wingi wa wapangaji, waliona faida yao ikiliwa kichwa kwa kichwa.

Tena atauza kwa bei gani? Kampuni kubwa za ng'ambo hutoa mwaka wa kwanza kwa bei ndogo sana, kisha mwaka wa pili hupandisha. Wauza nguo wa Mtaa wa Kongo hawahitaji tovuti kabisa. Picha za Instagram na WhatsApp zinawatosha. Wanaomhitaji kijana huyu ni shule, zahanati, mawakili, wauza vifaa vya ujenzi wanaotaka barua pepe yenye jina la kampuni yao. Hao hawafuati bei peke yake. Wanataka mtu wa kumpigia simu, aongee Kiswahili, apokee M-Pesa, na aje mwenyewe dukani ikibidi. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipokatika na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima, wateja wake walimpigia yeye siku nzima. Kosa halikuwa lake, lakini alipokea kila simu akaeleza. Hakuna aliyehama.

Ng'ombe wangenunua nini?

Nikamwuliza hatimaye fedha za ng'ombe ni za kazi gani. Akasema ni za kukodi seva kubwa zaidi.

"Hii uliyo nayo imejaa?"

"Haijafika hata nusu."

Tukacheka wote wawili, kisha tukanyamaza. Mtu mwenye vyumba vitupu anataka kukodi nyumba ya pili!

Tukapiga hesabu ya wateja 120, kwa bei ile ile. Mapato Shs. 12,000,000. Majina Shs. 3,600,000. Hapo seva kubwa ya dola 50 kwa mwezi itahitajika kweli, Shs. 1,560,000, nakala za akiba Shs. 312,000, pango lile lile Shs. 600,000, umeme, bando na mengine tukayafanya mara mbili, Shs. 960,000. Zinabaki Shs. 4,968,000. Sasa ajilipe mshahara wa Shs. 300,000 kwa mwezi, Shs. 3,600,000 kwa mwaka. Zinabaki Shs. 1,368,000, yaani 11 na kitu katika kila 100, kabla ya kodi.

Kumi na moja! Ni ndogo sana ukiiweka kando ya themanini. Lakini mimi naiona hii kumi na moja kuwa yenye afya kuliko themanini ile, maana mwenye kazi amekwisha kula, na dola ikipanda kidogo duka halifungwi. Mwuza sabuni wa jumla hapo chini hupata kidogo katika kila katoni, lakini katoni zake huondoka asubuhi na nyingine huingia jioni. Mteja wa tovuti huja mmoja mmoja, kwa kutembelewa, kwa kuambiwa na mwenzake. Na ng'ombe hawezi kununua wateja 80.

Jioni ile nilimpigia mama, nikamsomea hesabu yote polepole, naye akaniomba nirudie pale penye nakala za akiba. Ng'ombe hakuwauza. Aliuza mbuzi wawili, akatuma fedha za nakala hizo za mwaka mzima, na kijana alinionyesha stakabadhi. Juma lililopita alipita ofisini akiwa njiani kwenda Buguruni kumwona mwenye shule. Wateja wake sasa ni 46.