Stika Haivuti Mawimbi

"Mnara nauona dirishani kabisa, mtandao haushiki. Ninunue stika gani?" Swali hili hunifuata kuanzia kwenye daladala hadi msibani, na muulizaji huwa keshaamua jibu; kwangu anatafuta jina la duka tu.

Stika kwanza, maana ndiyo inayomaliza hela za watu. Ile karatasi yenye michirizi ya dhahabu inayoning'inia kando ya makava haina betri wala haikuunganishwa na chochote ndani ya simu. Kukuza wimbi kunahitaji umeme. Pasipo umeme hakuna cha kukuza. Muuzaji atasema "inavuta". Inavuta kwa kitu gani? Antena za simu za leo zimepangwa pembezoni mwa fremu na kurekebishwa kiwandani kwa masafa yake. Ukibandika bati karibu nazo, ukibahatika halitafanya kitu, usipobahatika litazivuruga.

"Lakini nilibandika, mistari ikapanda toka miwili hadi minne!" Nakuamini. Ulipomaliza kubandika uliirudisha simu palepale ilipokuwa? Pale Kariakoo, katikati ya maghorofa yaliyobanana, ni nadra wimbi kukufikia moja kwa moja kutoka mnarani. Hugonga zege likarudi, likapinda kwenye ukingo wa paa, nakala zake zikaingia simuni kwa kupishana. Kilele kikikutana na kilele, zinaongezana. Kilele kikikutana na bonde, zinafutana. Kwenye megahezi 900 wimbi lina urefu wa sentimita 33 hivi, kwenye 1800 nusu yake. Basi kusogeza simu upana wa kiganja kwaweza kubadili nguvu iliyopokelewa hata mara 100. Kazi imefanywa na mkono wako, sifa kapewa stika.

Na huo mnara unaouona? Huenda si wa kampuni yako. Antena zake hutupa wimbi mbele, si miguuni pake. Vioo vingi vya maghorofa mapya vina utando mwembamba wa chuma: mwanga unapita, wimbi la redio kwa sehemu kubwa linabaki nje. Kuona si kushika. Na umbali nao una lake: mtafiti Okumura na wenzake walipima nguvu ya mawimbi Tokyo wakachapisha mwaka 1968. Mtafiti mwingine, jina lake Hata, akavigeuza vipimo hivyo kuwa kanuni mwaka 1980. Kwa antena ya mnara iliyo kwenye kimo cha mita 30, umbali ukiongezeka maradufu mjini, nguvu hupungua karibu mara 11. Kwenye uwazi mtupu ni mara 4.

Haya, la kufanya. Fungua dirisha. Hama upande wa chumba. Azima laini ya kampuni nyingine uijaribu kabla ya kununua. Piga kwa Wi-Fi kama kampuni yako inaruhusu. Mashine ya kweli ya kukuza mawimbi ipo, ina umeme na antena ya nje, lakini ifungwe na kampuni yako ya simu, tena iwe imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ya uchochoroni, antena zake mbili, ya nje na ya ndani, zikisikiana, hupiga kelele kwenye masafa yaleyale, na majirani wanakosa simu pamoja nawe.