Mdogo Wako Anataka Kukimbia

Mtoto wa miaka 6 anakimbia tangu asubuhi mpaka jioni. Anafukuza kuku, anafukuza mpira wa majani ya migomba. Siku moja kaka yake anamwambia: «Twende mpaka mtoni bila kusimama!» Kabla ya nusu ya njia mdogo anashikwa na kichomi ubavuni, analia, na kesho yake hataki tena. Kosa si lake.

Mtoto hana nguvu za mwendo mrefu. Moyo wake hupiga upesi kuliko wa mtu mzima, hata akiwa amelala. Weka mkono kifuani mwake, utasikia. Basi mpimie njia fupi. Kutoka mwembe huu mpaka ule, hatua 40 zatosha. Kwanza okoteni miiba na vipande vya chupa. Akimbie, arudi akitembea polepole, apumzike kivulini, ndipo akimbie mara ya pili. Akiweza kusema nawe njiani, ni vizuri. Pumzi ikimkata maneno, mwache atembee. Atazame mbele, si nyuma. Asikimbie tumbo likiwa limejaa, wala katika jua la saa sita, wala siku ya homa.

Abebe Bikila wa Etiopia alikimbia kilometa 42 mjini Roma mwaka 1960, tena bila viatu, akawashinda wote. Lakini alikuwa askari wa miaka 28! Mbio za mdogo wako zinaishia kwenye mwembe wa pili. Akiomba tena, basi, mara moja tu.