Dunwich: Mji Ulioliwa na Bahari

Mgeni afikaye Dunwich, pwani ya mashariki ya Uingereza, huona nyumba chache tu, wala hadhani kwamba hapo palikuwa na bandari kubwa yenye makanisa mengi na merikebu za biashara. Lakini ardhi yake ni mchanga, na mawimbi huila upesi. Dhoruba ya mwaka 1286 iliharibu sehemu ya mji. Ile ya 1328 ikaziba mlango wa bandari, na biashara ikahamia kwingine. Ajabu ni kwamba kijiji hicho kiliendelea kupeleka wajumbe wawili Bungeni hata 1832! Kanisa la All Saints, lililojengwa mbali na maji, lilianza kuporomoka baharini mwaka 1904. Mhimili wake mmoja uliokolewa, nao ungali umesimama penye kanisa la St James.