Kabla ya Kuvunja Ukuta: Ukarabati Upi Unahitaji Kibali cha Ujenzi?

Nyumba ni mali inayopatikana kwa jasho la miaka mingi, na kila mwananchi ana haki ya kuiboresha. Hata hivyo, si kila kazi tunayoiita ukarabati ni ukarabati tu. Mfano unaoonekana mara kwa mara katika miji yetu ni kugeuza chumba cha mbele kuwa fremu ya duka. Mwenye nyumba humwita fundi, ukuta unaotazama barabara huvunjwa, mlango mpana wa chuma huwekwa, na wapangaji huendelea kulala vyumba vya nyuma kama kawaida.

Nyumba zetu nyingi za matofali hazina nguzo za zege. Uzito wa paa hubebwa na kuta zenyewe, kisha hushuka kwenye msingi. Ukuta unapotobolewa, uzito huo hauondoki, bali huhamia kwenye vipande vya ukuta vilivyosalia pembeni. Linta iliyofungwa nondo kwa ajili ya dirisha dogo haikukusudiwa kuvuka uwazi wa mita tatu. Nyufa zinazoanzia kwenye pembe za mlango na kupanda kwa mshazari zisizibwe kwa plasta na kusahauliwa. Zioneshwe kwa mtaalamu. Vivyo hivyo, msingi uliochimbwa kwa nyumba ya chini hauwezi kudhaniwa kuwa utahimili ghorofa, na shimo la maji taka lililochimbwa kando ya msingi huweza kulegeza udongo unaoushikilia.

Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Miongoni mwa waliofukiwa walikuwamo wafanyabiashara na wateja waliokuwa katika shughuli zao za kila siku. Jengo linapoanguka halichagui kati ya mwenye mali, mpangaji na mpita njia. Ndiyo maana usalama wake haukuachwa kuwa uamuzi wa mwenye nyumba na fundi wake peke yao.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka anayeendeleza ardhi katika eneo la mipango miji apate kwanza idhini ya mamlaka ya upangaji. Kuendeleza ni pamoja na kujenga na kubadilisha matumizi. Kwa hiyo fremu ya duka inagusa mambo yote mawili: muundo wa nyumba, na matumizi yake kutoka makazi kwenda biashara.

Kupaka rangi, kubadilisha bati lililotoboka, kurekebisha mlango au kuweka vigae ni matengenezo ya kawaida. Lakini kuvunja ukuta unaobeba paa, kuongeza chumba au ghorofa, au kugeuza makazi kuwa biashara ni mambo ya kuombewa kibali kabla ya nyundo ya kwanza kugonga. Ukiwa na shaka kazi yako iko upande upi, uliza. Kuuliza si kosa.

Mwombaji aanzie ofisi ya Mtendaji wa Kata, ambako ataelekezwa kwa wataalamu wa ardhi na ujenzi wa Halmashauri. Aandae nakala ya hati au uthibitisho wa umiliki, pamoja na michoro ya nyumba ilivyo sasa na itakavyokuwa. Ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na ofisi. Usimkabidhi mtu yeyote fedha taslimu, hata akidai kuharakisha kazi yako.

Wapo wanaosema kibali ni gharama na ni kuchelewa. Ni kweli kwamba kina ada na kina muda wake. Lakini aliyejenga bila kibali huweza kuamriwa kusimamisha kazi au kubomoa, akawa amelipia saruji na nondo mara mbili. Nawe uliyekwisha kuvunja ukuta bila kibali, usingoje alama nyekundu ya X ichorwe kwenye nyumba yako. Fika ofisini ili nyumba ikaguliwe, kwa kuwa udhaifu ukigunduliwa mapema huenda ukarekebishwa watu wakiwa salama.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa nyumba yenye watu ndani, huenda nafasi ya kuujenga upya isipatikane.