Februari Shambani Dodoma

Karibu kila Februari, mvua inapokata katikati ya msimu, kuna mkulima wa kuniita shambani saa sita mchana. “Bwana shamba, haya mahindi si ndiyo yamekufa?” Majani yamejikunja kama mkeka. Hayajafa. Yanapunguza eneo linalopigwa na jua, na vile vitundu vidogo mno vya kwenye jani, stomata, vimefungwa ili maji yasitoke. Amri ya kufunga hutokana na homoni iitwayo asidi ya absisiki, ambayo mmea huitengeneza kwa wingi udongo unapokauka.

Ila vitundu hivyo hivyo ndivyo vinavyoingiza hewa ya ukaa. Bila hewa hiyo jani haliwezi kutengeneza sukari kwa mwanga na maji, kazi iitwayo usanisinuru. Kwa hiyo mmea unaobana maji unajishindisha njaa. Jua nalo halingoji: klorofili inaendelea kunasa mwanga usio na kazi, na nishati hiyo ya ziada huharibu jani kwa ndani. Joto la jani linapanda pia, maana kinacholipoza ni maji yanayotoka kama mvuke.

Maharage huzidiwa mapema. Mahindi na mtama yana uwezo wa kukusanya hewa ya ukaa na kuirundika ndani, kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, hivyo hata vitundu vikifunguka kidogo tu sukari inapatikana. Ndiyo maana sikubali mahindi yaitwe zao dhaifu. Tatizo lake ni zile wiki chache za kutoa mbelewele. Ukame ukiyakuta hapo, ndevu za gunzi huchelewa kuchomoza, na chavua inamwagika ikaisha kabla hazijatoka. Mvua ikirudi shamba zima linakuwa kijani, linapendeza kweli, lakini ukimenya gunzi unakuta mapengo. Hilo huniuma kuliko shamba lililokauka, kwa sababu mwenye nalo alishaanza kuhesabu magunia.

Mtama una subira. Una nta nyeupe juu ya majani na shina, mizizi inayokwenda chini sana, na ukame ukizidi husimama kukua, kisha mvua ikirudi unaendelea. Muhogo wenyewe hupukutisha majani ukangoja.

Najua mtama una adha zake. Kwelea kwelea wanaweza kumaliza shamba, na watoto wengi siku hizi wanataka ugali wa sembe. Lakini Dodoma ina msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 600. Asiyeweza kuacha mahindi ninamshauri achukue mbegu inayokomaa mapema, apande mvua za kwanza za uhakika, achimbe matuta yenye vizuizi vya kushika maji, na sehemu ya shamba aiachie mtama. Ukubwa wa sehemu hiyo tunaupanga naye palepale, tukiangalia udongo wake na idadi ya watu anaowalisha.