Kidonda cha Pua Wakati wa Mafua



Wakati wa kipwa, zaidi sana mwezi wa 6 na wa 7, usiku wa Kolwezi ni baridi, upepo ni mukavu, na vumbi ni nyingi. Watoto wengi wanapata mafua. Siku ya kupima kilo tunawaona na ngozi nyekundu, yenye kupasuka, chini ya pua. Ukigusa hapo, mutoto analia.

SABABU GANI NGOZI INAUMIA?

Wengine wanasema: "Ni joto ya ugonjwa inatoka." Sivyo. Kamasi inalowesha ngozi, upepo unaikausha, kisha inalowa tena. Ngozi inapoteza mafuta yake na kupasuka. Na sisi tunapanguza kwa nguvu, mara nyingi kwa siku, kwa pembe ya kitenge. Kitenge chenye vumbi kinakwaruza kama muchanga. Basi kidonda hakiletwi na mafua peke yake, kinaletwa na mukono wetu pia. Na mukono tunaweza kuufundisha.

UFANYE HIVI

1. Nawa mikono kwa maji na sabuni.

2. Lowesha kitambaa laini na kisafi katika maji ya vuguvugu. Kiweke juu ya kamasi iliyokauka, ungoje mpaka ilainike. Usiibandue kwa kucha.

3. Kausha kwa kugusa-gusa polepole. Usisugue.

4. Paka vazilini kidogo chini ya pua, upande wa inje tu, mara 3 au 4 kwa siku, na mbele ya kulala. Vazilini inazuia kamasi isiguse ngozi.

Kila mutoto awe na kitambaa chake. Ukifue kila siku kwa sabuni na kukianika juani.

PUA IKIZIBA

Mutoto mudogo anapumua kwa pua wakati ananyonya. Pua ikiziba, anaacha ziwa. Chemsha maji, pima kikombe kimoja (mililita 250), tia robo ya kijiko kidogo cha chumvi, si zaidi, uache yapoe. Tia matone 2 katika kila tundu la pua mbele ya kunyonyesha. Jioni umwage yaliyobaki.

USITUMIE VITU HIVI

– Pomadi kali ya mentoli au kamfa. Inachoma ngozi, na karibu na pua ya mutoto mudogo inaweza kumuzuia kupumua.

– Mafuta ndani ya pua. Yanaweza kushuka mpaka katika mapafu.

– Pomadi ya kung'arisha ngozi, dawa ya meno, alkoholi, maji ya ndimu.

– Antibiotiki za sokoni. Mafua yanaletwa na virusi, na antibiotiki haziviui. Yanaisha yenyewe, karibu siku 7 mpaka 10.

VUMBI YA MACHIMBO

Mwaka 2018 wachunguzi wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven (Ubelgiji) walitangaza kwamba watu wa Kasulo, zaidi sana watoto, wana kobalti nyingi katika mikojo kuliko watu wa mutaa wa karibu usiochimbwa. Vumbi ile inaingia nyumbani. Baba akitoka kuchimba, avue nguo za kazi inje, aoge, kisha ambebe mutoto. Panguza chini kwa kitambaa chenye maji, usifagie kavu mutoto akiwa ndani. Mbabula nayo ikae inje, kwa maana moshi unaumiza pua na mapafu.

LETA MUTOTO HOSPITALINI UPESI

– Akipumua mbio: kwa dakika moja mara 60 au zaidi (chini ya miezi 2), mara 50 (miezi 2 mpaka 12), mara 40 (mwaka 1 mpaka 5), ao kifua kikiingia ndani chini ya mbavu.

– Akikataa ziwa, akitapika kila kitu, akipata degedege, ao akiwa muzito kuamka.

– Akiwa chini ya miezi 2 na ana homa.

– Kidonda kikiwa na maganda ya manjano au usaha, kikienea, ao jicho likivimba.

– Tundu moja tu la pua likitoa kamasi yenye kunuka. Labda ameingiza punje ya muhindi. Usijaribu kuitoa wewe mwenyewe.

– Homa, macho mekundu na vipele pamoja. Inaweza kuwa surua.

Kwa kidonda kidogo, maji, kitambaa na vazilini vinatosha. Kwa alama hizi, usingoje kesho.